Boti ya Pontuni na Skii za Majini: Jinsi ya Kujua Kama Yako Inaweza Kuvuta Mtu

Ndiyo, boti ya pontuni inaweza kumvuta mtu anayeteleza majini kwa skii, yaani mbao ndefu zinazovaliwa miguuni. Lakini si kila moja, na inayoweza haiwezi kwa vyovyote utakavyoipakia. Nimevuta watu kwa boti za aina hii kwa miaka kadhaa, na kosa ninaloliona mara nyingi ni lilelile: mwenye boti anauliza inakimbia kiasi gani, anaridhika na jibu, kisha ananunua skii. Kasi ya mwisho si jambo la kwanza la kuangalia. Cha kuangalia ni sekunde zile za mwanzo, pale boti inapotakiwa kumng'oa mtu kutoka ndani ya maji hadi asimame juu yake.

Tuelewane kuhusu jina. Wengi wakisikia pantoni, picha inayowajia ni kivuko cha kubeba magari na abiria. Hapa nazungumzia boti ya matembezi: sitaha bapa yenye reli pande zote, viti vya kukalia kwa raha, turubai la kivuli juu, na chini yake mapipa marefu ya alumini yaliyozibwa, mawili au matatu, pamoja na injini moja ya kufunga tezini, yaani nyuma ya boti.

Boti hii haikuzaliwa kwa ajili ya mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima mmoja wa jimbo la Minnesota, Marekani, aitwaye Ambrose Weeres, aliweka jukwaa la mbao juu ya safu mbili za mapipa ya chuma, kwa sababu aliamini jukwaa lililokaa hivyo lingetulia ziwani kuliko boti ya kawaida. Alikuwa sahihi, na utulivu huo ndio unaoiuza pontuni mpaka leo. Kumbe skii za majini nazo zilianzia katika jimbo hilohilo, miaka kama 30 kabla. Mwaka 1922, katika ziwa Pepin, kijana wa miaka 18 aitwaye Ralph Samuelson alijifunga mbao miguuni akavutwa na boti aliyoiendesha kaka yake. Alianguka siku baada ya siku, mpaka alipojaribu kuegemea nyuma na kuziacha ncha za mbao zitokeze juu ya maji. Hapo akasimama. Kanuni aliyoigundua ndiyo tutakayoifuata hapa chini, hatua ya 6.

Hatua ya 1: Hesabu mapipa, kisha soma nguvu ya injini

Inama utazame chini ya sitaha. Mapipa mawili au matatu? Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Boti ya mapipa mawili hukata maji zaidi kuliko kuyapanda. Ukiongeza mafuta, sehemu kubwa ya nguvu inaishia kusukuma maji kando. Boti ya mapipa matatu hubeba uzito zaidi bila kuzama sana, hupokea injini kubwa zaidi, na mara nyingi mapipa yake yamechomelewa mapezi membamba ubavuni. Mapezi hayo huinua boti inaposhika kasi, ikapunguza mwili ulio ndani ya maji. Nyingine zimefungwa bati la alumini chini ya sitaha ili maji yanayoruka yasigonge vyuma vinavyoshikilia jukwaa. Bati hilo linaonekana kitu kidogo, ila kila tone linalogonga chuma linakula kasi.

Sasa injini. Kwa uzoefu, boti ya mapipa mawili yenye nguvu za farasi 40 hadi 60 inafaa kuvuta boya la kukokotwa, yaani lile la hewa ambalo watu hukalia, na labda mtoto mwepesi. Ikiwa na 90, mtu mzima mwepesi kwenye skii mbili anaweza kusimama, kama boti haijajaa watu. Mapipa matatu na nguvu za farasi 115 inavuta mtu mzima wa kawaida kwa skii mbili. Kuanzia 150 kwenda juu ndipo mambo yanapokuwa rahisi, na anayetaka kuteleza kwa skii moja asijaribu kwa chini ya hapo.

Usiongeze injini kupita kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Kibao hicho kinasema pia idadi ya watu na uzito unaoruhusiwa.

Hatua ya 2: Jua kasi inayohitajika

Mtoto anayejifunza anahitaji takriban kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Mtu mzima kwenye skii mbili, kilomita 32 hadi 45. Skii moja hutaka kilomita 48 hadi 58. Ubao wa kusimamia hutaka kilomita 29 hadi 35, ubao wa magoti chini kidogo ya hapo, na boya la kukokotwa lisizidi 30, tena liwe chini zaidi likiwa na watoto.

Kwa hiyo pontuni nyingi zinaifikia kasi ya skii mbili. Ya skii moja ni chache zinazoifikia na kuishikilia.

Hatua ya 3: Ijaribu boti kabla ya kumvuta mtu

Pakia boti kama itakavyokuwa siku ya mchezo: nahodha, mtazamaji, abiria wengine, mafuta, majokofu ya vinywaji, nanga. Usiijaribu ikiwa tupu, utajidanganya. Chukua simu yenye programu ya kupima mwendo kwa setilaiti, kwa sababu mshale wa kasi kwenye boti nyingi hausemi kweli. Simama kabisa, kisha sukuma mkono wa mafuta mbele kwa mfululizo.

Kipimo changu ni hiki: nikihesabu polepole hadi kumi na boti bado haijafika kilomita 30 kwa saa, simvuti mtu mzima kwa skii. Atakuwa anaburuzwa, maji yanampiga usoni, mikono inamwuma, na mwishowe ataachia kamba akidhani kosa ni lake. Niliwahi kumfanyia hivyo rafiki yangu. Tulikuwa watu wanane botini na turubai limefunguliwa. Alijaribu mara sita, na mara zote sita nilimwambia anyooshe mikono, akaze miguu, asikate tamaa. Tulipowashusha watu watano na kukunja turubai, alisimama mara ya kwanza. Bado najilaumu kwa yale maelekezo yote niliyompa wakati tatizo lilikuwa langu.

Boti ikishindwa jaribio, angalia haya kabla ya kufikiria injini mpya:

- Turubai. Likifunguliwa linashika upepo kama tanga. Likunje na ulifunge.
- Uzito. Punguza watu, na usiwarundike wote tezini. Sehemu ya nyuma ya mapipa ikizama boti inapanda mlima usioisha.
- Uchafu. Mwani na utelezi kwenye mapipa ya boti inayokaa majini msimu mzima hupunguza kasi kwa kiasi utakachokiona wazi. Isafishe.
- Propela. Hapa ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo. Pontuni nyingi huuzwa na propela iliyochaguliwa kwa matembezi. Propela yenye mkato mfupi zaidi, yaani inayosonga mbele kidogo kwa kila mzunguko, humpa injini wepesi wa kuondoka, sawa na gia ya kwanza ya gari kwenye kilima. Utapoteza kasi kidogo ya mwisho. Hakikisha tu kwamba ukisukuma mafuta yote injini haizidi mizunguko aliyoruhusu mtengenezaji.
- Mwinamo wa injini. Anza ukiwa umeishusha kabisa, kisha iinue taratibu boti inaposhika mwendo. Ukianza ikiwa imeinuka, propela itavuta hewa na kuzunguka bure.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kufungia kamba

Usifunge kamba kwenye reli, kwenye ngazi, wala kwenye ndoano za kufungia boti gatini. Reli ya pontuni ni alumini nyepesi ya kuzuia watu wasianguke, haikutengenezwa kuvutwa. Ikikatika, kipande chake kinarudi na kamba.

Kuna mahali pa aina tatu panapofaa. Ya kwanza ni pete iliyofungwa ukutani tezini, chini karibu na maji. Ni imara, ila kamba huweza kugusa injini boti ikikata kona, kwa hiyo zikiwapo pete mbili tumia kamba pacha yenye kapi katikati, ipite nyuma ya injini ikiwa na kiboya cha kuielesha. Ya pili ni nguzo fupi ya kuvutia iliyosimama juu ya injini, na hii ndiyo ninayoipenda kwa skii: kamba inapita juu ya kila kitu, nayo haiinamishi boti. Ya tatu ni mnara mrefu. Mnara humfaa mtu wa ubao anayetaka kuruka, lakini usifunge boya la kukokotwa juu yake kamwe. Boya likizama pua huvuta kwa nguvu kubwa ghafla, na nguvu hiyo ikiwa juu kiasi hicho inaweza kuung'oa mnara au kuilaza boti.

Hatua ya 5: Kamba, jaketi, na watu wawili botini

Kamba ya skii ya kawaida ina urefu wa kama mita 23 pamoja na kishikio. Isivutike sana, na kabla ya kila safari ipitishe mkononi kutafuta nyuzi zilizokatika. Kamba ya skii isitumike kwa boya la watu wawili au watatu. Boya hutaka kamba nene yenye uwezo mkubwa zaidi, na uwezo huo umeandikwa kwenye pakiti.

Jaketi la uokoaji liwe la povu, la kubana mwili, lenye mikanda imara. Yale yanayojazwa hewa hayafai kwa mchezo huu: mtu akianguka kwa kilomita 40 kwa saa anahitaji kitu kinachoelea tayari na kinachomkinga mbavu.

Botini lazima wawe watu wawili angalau. Nahodha anaangalia mbele. Mtazamaji anaangalia nyuma, hafanyi kingine. Nchi na majimbo mengi yanamtaka mtazamaji kisheria, mengine yanataka kibendera cha rangi kali kiinuliwe mtelezaji akiwa ameanguka, na mengi yanakataza kuvuta watu usiku. Uliza sheria za maji yako kabla ya kwenda. Hata pasipo na sheria, kioo cha nyuma hakitoshi badala ya mtu.

Kubalianeni ishara mkiwa bado nchi kavu. Kidole gumba juu, ongeza kasi. Kidole gumba chini, punguza. Kiganja kikipita shingoni, zima. Kugonga kichwa, nirudishe. Baada ya kuanguka, mikono iliyoshikana juu ya kichwa ina maana niko salama. Mtu asipotoa ishara hiyo, mchukulie ameumia.

Hatua ya 6: Kuondoka

Tafuta maji yenye kina cha mita 2 au zaidi, yaliyo mbali na gati, waogeleaji na boti nyingine. Mimi huacha si chini ya mita 30 kila upande.

Mtelezaji akae majini kama aliyechuchumaa: magoti kifuani, mikono imenyooka, ncha za skii juu ya maji, kamba katikati ya skii mbili. Nahodha asogee polepole mpaka kamba ikaze. Anayevutwa akisema yuko tayari, ndipo mafuta yaongezwe.

Hapa pontuni inatofautiana na boti maalumu za skii. Katika boti zile zenye nguvu nyingi, nahodha mkorofi anaweza kumnyofoa mtu mikononi. Kwenye pontuni hatari ni kinyume chake: ukiwa mwoga, mtu ataburuzwa. Sukuma mkono wa mafuta kwa uthabiti, bila kusita njiani, kisha mtu akishasimama rudisha taratibu hadi kasi aliyoiomba. Mwambie asijivute kusimama. Akijivuta kwa mikono skii zinazama. Aache boti imsimamishe, naye aendelee kuegemea nyuma magoti yakiwa yamekunjika.

Akishasimama atagundua jambo zuri. Pontuni huacha mawimbi madogo, yaliyolala, hasa yenye mapipa matatu ikiwa imepanda juu ya maji. Kwa anayeteleza kwa skii mbili hiyo ni neema: anavuka kutoka upande hadi upande bila kurushwa, na ndiyo maana namshauri anayejifunza aanzie nyuma ya boti hizi kama nguvu ipo. Mtu wa ubao anayetaka wimbi la kurukia ndiye atakayesikitika.

Hatua ya 7: Kona, na kumrudia aliyeanguka

Soma hatua hii mara mbili. Kuvuta ni kazi ya injini, ila kumrudia mtu ni kazi ya akili, na umbo la pontuni linaifanya iwe ngumu.

Boti ya mapipa mawili haipendi kona kali. Huinama kuelekea nje, abiria husukumwa upande mmoja, na kasi hushuka mpaka mtelezaji anazama. Ya mapipa matatu, lile la katikati likiwa chini zaidi, huinamia ndani na hukata vizuri zaidi. Kwa zote mbili piga kona pana, na usimzungushe mtu kwenye duara, maana atarudi kwenye mawimbi uliyoyaacha mwenyewe.

Mtu akianguka, usikate mafuta ghafla. Maji yaliyokuwa yakikufuata yataipita boti na kuisukuma, omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, itainama, na mawimbi yanaweza kupanda sitahani walipo watoto. Punguza kwa mfululizo, kisha geuka. Lakini usikawie pia: kwa kilomita 36 kwa saa boti inakwenda mita 10 kila sekunde, kwa hiyo kabla hujamaliza kugeuka umeshakuwa mbali naye. Mwombe ainue skii moja juu ili boti nyingine zimwone.

Mrudie polepole ukiwa umemweka upande wa usukani, ambao kwenye pontuni nyingi ni kulia. Usimwendee kwa omo. Sitaha ni ndefu na bapa, mbele kuna viti, reli na watu, na kichwa cha mtu kilicho karibu na omo hakionekani kabisa kutoka kwenye usukani. Mje mkiukabili upepo, boti ikiwa upande wa chini wa upepo kutoka kwake. Pontuni ina ubavu mrefu juu ya maji na hubebwa na upepo kirahisi. Ukisimama upande wa juu, upepo utaileta boti kichwani pake.

Kama anataka kuendelea, mzunguke kwa mwendo wa pole mpaka kamba imfikie mkononi. Kama anapanda botini, zima injini. Kuiacha huru, bila gia, haitoshi. Toa ufunguo, ngoja propela isimame, ndipo ashike ngazi.

Mambo ambayo sikubali kwenye boti yangu

Hakuna anayekaa mbele ya reli au kuning'iniza miguu omoni boti ikienda. Katika boti ya kawaida, anayeanguka mbele ana nafasi ya kusukumwa kando na mwili wa boti. Katika pontuni anaingia kwenye mfereji ulio kati ya mapipa, na mfereji huo unaishia kwenye propela. Malango yote yafungwe kabla ya kuwasha.

Hakuna anayekaa kwenye jukwaa la tezini wala kushikilia ngazi injini ikiunguruma. Mbali na propela kuna moshi: kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, nayo hukusanyika hapo.

Na hakuna anayeteleza juu ya wimbi karibu na boti bila kamba, kama wanavyofanya nyuma ya boti maalumu. Boti hizo propela yake imefichwa chini ya mwili. Ya pontuni iko nyuma, wazi, hatua chache kutoka kwa anayeteleza, na akianguka anaangukia huko. Kwa mchezo huo panda boti nyingine.

Ukiwa unanunua sasa

Kama skii ndiyo sababu pekee ya kutaka boti, usinunue pontuni. Nunua boti iliyotengenezwa kuvuta. Lakini kama unataka kubeba familia, kula mchana juu ya maji, wazee wakae kivulini, na watoto wateleze saa moja au mbili, chukua ya mapipa matatu yenye mapezi, injini ya nguvu za farasi 150 au karibu na kiwango cha juu cha kibao, na nguzo ya kuvutia iliyofungwa na mtengenezaji. Usisaini kitu mpaka muuzaji akubali mwende majini na boti iliyojaa watu, ukiwa na simu yako mkononi, na ufanye jaribio la hatua ya 3.